Sheria Iliyo Juu ya Watawala: Habari za Katiba ya Marekani

Katika kila nchi watu huulizana swali hili: Mlinzi akikabidhiwa funguo za nyumba, ni nani atakayemlinda yeye mlinzi? Serikali haina budi kuwa na nguvu, kwa maana nchi isiyo na nguvu ya serikali hujaa wizi na ugomvi. Walakini nguvu hizo hizo zikikaa mkononi mwa mtu mmoja bila mpaka, zaweza kumdhuru raia kuliko mwizi. Leo twataka kueleza jinsi watu wa Marekani walivyojaribu kulijibu swali hilo kwa kuandika sheria moja iliyo juu ya watawala wote, nayo ndiyo iitwayo katiba. Tena tutaeleza ni wapi sheria hiyo ilipowashika wakubwa, na ni wapi iliposhindwa. Habari hizi zawafaa wazee wa mabaraza, waalimu, na kila apendaye kufahamu mambo ya utawala.

Hapo kwanza nchi ile ilikuwa makoloni 13 ya Mfalme wa Uingereza, yaliyopangana kando ya bahari ya Atlantiki. Watu wake walinung'unika kwa sababu walitozwa kodi kwa amri ya Bunge la London, na ndani ya Bunge hilo hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Vita vikaanza mwaka wa 1775, na tarehe 4 Julai, 1776, wajumbe wao wakatangaza ya kuwa wamejitenga na Mfalme. Amani ilipatikana kwa mkataba wa mwaka wa 1783.

Lakini kujitenga ni jambo moja, na kutawala ni jambo jingine. Watu waliotoka kupigana na mfalme waliogopa kujiwekea mfalme wa pili. Kwa hiyo mapatano yao ya kwanza, yaliyoanza kufuatwa mwaka wa 1781, yaliipa serikali ya wote nguvu haba sana. Palikuwa na baraza moja tu, na kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja. Hapakuwa na mkuu wa kutimiza amri za baraza hilo, wala korti kuu ya nchi nzima. Baraza halikuweza kutoza kodi. Liliyaomba majimbo fedha, nayo yalitoa yalipopenda. Na mtu akitaka kubadili neno lolote katika mapatano, sharti majimbo yote 13 yakubali, hata moja lisikatae.

Matokeo yake yalionekana upesi. Askari waliopigana vita walikaa bila kulipwa, na madeni ya nchi hayakuwa na wa kuyalipa. Mwaka wa 1786 wakulima wa jimbo la Massachusetts, walioelemewa na kodi na madeni, wakashika silaha, wakazizuia korti zisisikilize kesi za madeni. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, ambaye zamani alikuwa ofisa katika vita vile vile. Serikali ya wote haikuwa na fedha wala askari wa kuutuliza uasi huo, ikabidi jimbo lenyewe lijitafutie njia. Ndipo watu wengi wakatambua ya kuwa serikali iliyo dhaifu ina hatari zake, kama vile serikali ya jeuri ilivyo na zake.

Basi katika mwezi wa Mei, 1787, wajumbe wakakutana mjini Philadelphia. Majimbo 12 yalituma watu; Rhode Island lilikataa. Jumla yao waliohudhuria ni watu 55. Mwenyekiti wao alikuwa George Washington, aliyekuwa jemadari mkuu wa vita. Mzee kuliko wote alikuwa Benjamin Franklin, mwenye umri wa miaka 81. James Madison wa Virginia aliketi karibu na mbele, akaandika kila siku yaliyosemwa, na kwa kazi yake hiyo twajua leo jinsi walivyoshindana. Walifunga milango, wakapatana wasitoe nje maneno ya mkutano, ili kila mtu aweze kusema lililo moyoni na hata kubadili shauri lake bila kuona haya. Tarehe 17 Septemba wajumbe 39 wakatia sahihi zao katika karatasi.

Shindano kubwa lilikuwa baina ya majimbo makubwa na madogo. Majimbo makubwa yalitaka hesabu ya wajumbe ifuate hesabu ya watu. Majimbo madogo yalitaka yote yawe sawa, yasije yakamezwa. Mwisho wajumbe wa Connecticut wakatoa shauri la kupatanisha: mabaraza yawe mawili. Katika Baraza la Wawakilishi, jimbo lenye watu wengi lina wajumbe wengi. Katika baraza la pili, liitwalo Seneti, kila jimbo lina wajumbe wawili tu, liwe kubwa au dogo. Wala haiwezekani kupitisha sheria yoyote mpaka mabaraza yote mawili yakubaliane maneno yale yale. Mabaraza haya mawili kwa jina moja huitwa Kongresi.

Shindano jingine lilimalizwa kwa njia isiyo ya heshima, nalo haifai kulificha. Majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa wengi, watu weusi waliochukuliwa kutoka Afrika pamoja na wana wao waliozaliwa huko. Wenye watumwa walitaka watu hao wahesabiwe ili wajumbe wa kusini wawe wengi, na huku hawakukubali wapewe haki hata moja. Ikapatanwa ya kuwa watumwa 5 watahesabiwa kama watu 3. Tena ikapatanwa ya kuwa Kongresi isikataze kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kabla ya mwaka wa 1808, na ya kuwa mtumwa akikimbilia jimbo jingine hapati uhuru, bali atarudishwa kwa bwana wake. Lakini neno lenyewe, mtumwa, hawakuliandika mahali popote. Walizungukazunguka kwa maneno mengine. Mtu aonaye haya kulitaja jambo kwa jina lake ajua ya kuwa si jambo jema.

Sasa na tutazame jinsi nguvu za serikali zilivyogawanywa. Fikiri mtu mmoja atungaye amri, naye ndiye amkamataye mvunja amri, kisha ndiye aketiye kumhukumu, na faini aitia mfukoni mwake. Raia aliyeonewa na mtu huyo ataenda kushtaki wapi? Kwa sababu hiyo kazi tatu za utawala zilitengwa. Kazi ya kwanza ni kutunga sheria, nayo ni ya Kongresi. Kazi ya pili ni kuzitimiza sheria, nayo ni ya Rais. Kazi ya tatu ni kuhukumu kwa sheria, nayo ni ya Korti Kuu pamoja na korti zilizo chini yake.

Katika Baraza la Wawakilishi mna wajumbe 435, nao huchaguliwa kila miaka 2, ili wasiwasahau waliowatuma. Katika Seneti mna wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo katika majimbo 50 ya sasa, nao hukaa miaka 6. Hapo zamani masenata walichaguliwa na mabaraza ya majimbo, lakini tangu mwaka wa 1913 huchaguliwa na raia wenyewe. Rais hukaa miaka 4, na tangu badiliko la mwaka wa 1951 hakuna awezaye kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Majaji wa Korti Kuu, ambao tangu mwaka wa 1869 ni 9, hawana muda uliowekwa. Hukaa katika kazi maadamu mwenendo wao ni mwema, na mshahara wao haupunguzwi wangali kazini. Maana yake ni wazi: jaji asiyeogopa kufukuzwa wala kupunguziwa mshahara aweza kumwambia mkubwa, "Hapa umekosea."

Lakini waliojenga serikali hiyo walijua ya kuwa kutenga peke yake hakutoshi. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wamarekani waliwatia mafahali watatu, kisha wakawafunga kila mmoja kwa kamba ambayo ncha yake imeshikwa na wenziwe. Kongresi yatunga sheria, lakini Rais aweza kukataa kuitia sahihi. Rais akikataa, theluthi mbili za kila baraza zaweza kuipitisha bila yeye. Rais ni amiri jeshi mkuu, lakini kutangaza vita ni kazi ya Kongresi, na fedha za kulisha jeshi hutolewa na Kongresi. Rais huteua majaji na mawaziri, lakini hawaingii kazini mpaka Seneti ikubali. Na Rais akitenda kosa kubwa, Baraza la Wawakilishi laweza kumshtaki, na Seneti ikamhukumu. Theluthi mbili za Seneti zikimwona ana hatia, hutolewa katika kiti. Mwaka wa 1868 Rais Andrew Johnson alishtakiwa hivyo, akaokoka kwa kura moja. Baada yake Bill Clinton alishtakiwa mara moja, na Donald Trump mara mbili, na kila mara Seneti haikufikia hesabu ya kuwatoa.

Pana na mgawanyo wa pili, nao ni baina ya serikali ya nchi nzima na serikali za majimbo. Mambo kama vita, fedha, mikataba na nchi za nje, na biashara ivukayo mipaka ya majimbo, ni ya serikali ya nchi nzima. Mambo yasiyotajwa yameachwa kwa majimbo au kwa raia wenyewe. Kwa hiyo kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, baraza lake na korti zake. Lakini sheria ya jimbo ikipingana na katiba ya nchi, ile ya jimbo huanguka.

Karatasi ya Philadelphia haikuwa sheria mpaka watu waikubali. Ilisemwa ya kuwa majimbo 9 yakikubali yatosha, na jimbo la 9, New Hampshire, lilikubali tarehe 21 Juni, 1788. Palikuwa na mabishano makali. Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliandika makala 85 katika magazeti kuwaeleza watu manufaa yake. Wapinzani nao walikuwa na neno la haki: walisema katiba haikutaja haki za raia mmoja mmoja. Wakaahidiwa ya kuwa zitaongezwa, na ahadi ikatimizwa. Mwaka wa 1791 mabadiliko 10 ya kwanza yakaingia. Humo mna ya kuwa serikali isizuie watu kuabudu, kusema, kuandika magazeti na kukusanyika kwa amani. Askari wasipekue nyumba ya mtu bila sababu ya haki. Mshtakiwa ahukumiwe mbele ya watu wote, wala asilazimishwe kujishuhudia mwenyewe.

Sasa msomaji atauliza: Kongresi ikitunga sheria inayopingana na katiba, ni nani wa kusema? Katiba haikulieleza jambo hili waziwazi. Lilikuja kuamuliwa kwa sababu ya barua. Katika siku za mwisho za Rais John Adams, mwaka wa 1801, mtu mmoja jina lake William Marbury aliteuliwa kuwa hakimu mdogo katika wilaya ya mji mkuu. Barua yake ikatiwa sahihi, ikapigwa muhuri, lakini haikupelekwa. Kila karani ajua jinsi barua iwezavyo kulala juu ya meza. Asubuhi Rais mpya, Thomas Jefferson, akaingia, akaamuru zisipelekwe barua zilizobaki. Marbury akaenda moja kwa moja kwenye Korti Kuu, ataka Waziri James Madison aamriwe kumpa barua yake. Ajabu ni kwamba Jaji Mkuu, John Marshall, ndiye aliyekuwa Waziri siku zile barua zilipopigwa muhuri!

Hukumu ilitolewa tarehe 24 Februari, 1803. Marshall alisema Marbury ana haki ya kupata barua yake. Lakini sheria ya mwaka wa 1789, iliyoipa Korti Kuu uwezo wa kuanza kuisikiliza kesi ya namna hiyo, ilikuwa imeongeza jambo ambalo katiba haikulitoa. Na sheria ya Kongresi ikipingana na katiba, si sheria. Kwa hiyo Korti haikuweza kumsaidia, na Marbury hakuipata kazi yake kamwe. Yeye alitoka mikono mitupu, ila nchi ilipata kanuni kubwa: kazi ya korti ni kusema sheria ni nini, na katiba ndiyo ipimayo sheria zote. Msumeno ule, ukatao mbele na nyuma, ulikuwa umepata mpini.

Walakini msumeno haukati wenyewe. Hamilton alikuwa amekwisha andika ya kuwa korti haina upanga wala mfuko wa fedha. Ina hukumu tu. Jambo hili lilionekana mwaka wa 1832. Jimbo la Georgia lilitaka nchi ya kabila la Wacherokee, likamfunga mmisionari Samuel Worcester kwa kuwa aliishi kati yao bila ruhusa ya jimbo. Korti Kuu ikahukumu ya kuwa sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Georgia haikutii, na Rais Andrew Jackson hakuilazimisha. Worcester alikaa gerezani mpaka mwaka uliofuata. Na katika miaka ya 1838 na 1839 Wacherokee walitolewa kwa nguvu za askari, wakapelekwa mbali magharibi, na maelfu yao wakafa. Hukumu ilikuwa ya haki, na karatasi yake ilikuwa safi. Waliokosekana ni watu wa kuitii.

Tena korti yenyewe yaweza kukosa. Mtumwa Dred Scott aliomba uhuru, kwa sababu bwana wake alimpeleka kukaa katika nchi zisizoruhusu utumwa. Mwaka wa 1857 Korti Kuu ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo, wala hana ruhusa ya kushtaki katika korti zake. Baada ya miaka 4 nchi iliingia vita ya wenyewe kwa wenyewe, na sababu kuu ilikuwa utumwa. Vita vilipokwisha katiba ikabadilishwa mara tatu: mwaka wa 1865 utumwa ukakomeshwa, mwaka wa 1868 kila aliyezaliwa katika nchi na kuwa chini ya sheria zake akawa raia mwenye haki sawa mbele ya sheria, mwaka wa 1870 ikakatazwa kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake.

Hata hivyo maneno hayo mema yalilala miaka mingi kama barua ya Marbury. Majimbo ya kusini yalizuia watu weusi kupiga kura kwa hila nyingi, na mwaka wa 1896 Korti Kuu ilikubali watengwe katika magari ya reli. Ndipo tarehe 17 Mei, 1954, majaji wote 9 kwa sauti moja wakahukumu ya kuwa kuwatenga watoto katika shule za serikali kwa ajili ya rangi ni kuvunja katiba. Mwaka wa 1957, katika mji wa Little Rock, gavana wa Arkansas aliweka askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi weusi 9 wasiingie shuleni. Safari hii Rais, Dwight Eisenhower, alipeleka jeshi la nchi, na watoto wale wakaingia darasani wakilindwa na bunduki. Pima mwaka wa 1832 na mwaka wa 1957: katika yote mawili korti ilisema kweli, lakini mara ya pili mwenye upanga alimtii mwenye hukumu.

Na marais wenyewe je, hutii? Mwaka wa 1952 Rais Harry Truman alivichukua viwanda vya chuma ili kazi isisimame wakati wa vita vya Korea. Korti Kuu, majaji 6 kwa 3, ikasema hakuna sheria iliyompa ruhusa hiyo. Akavirudisha kwa wenyewe. Mwaka wa 1974 Rais Richard Nixon alikataa kutoa kanda zilizonasa maneno yake, zilizotakiwa katika kesi ya jinai. Majaji 8, na watatu kati yao aliwateua yeye mwenyewe, wakasema kwa pamoja azitoe. Akazitoa, na baada ya siku 16 tangu hukumu hiyo akajiuzulu. Hakuna askari aliyemlazimisha.

Katiba hiyo hubadilishwa kwa shida, ili isipeperushwe na kila upepo. Kwa desturi theluthi mbili za kila baraza la Kongresi hutoa shauri, kisha robo tatu za majimbo, yaani 38 katika 50, lazima zikubali. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 imebadilishwa mara 27 tu. Badiliko la mwaka wa 1920 liliwapa wanawake wa nchi nzima haki ya kura. Jingine, la mwaka wa 1919, lilikataza pombe. Likafutwa kwa badiliko la mwaka wa 1933, watu walipoona limeleta magendo kuliko kiasi. Kwa hiyo kosa liliingia kwa mlango wa sheria, na kwa mlango huo huo likatolewa.

Rais wa Marekani aingiapo kazini huapa ya kuwa ataihifadhi katiba na kuilinda. Masenata, wawakilishi, majaji, magavana na maofisa wengine nao huapa kuitegemeza katiba hiyo hiyo. Hawaapi kumtumikia mtu. Hilo ndilo jibu walilolitoa Wamarekani kwa swali letu la kwanza: mlinzi hulindwa na walinzi wenziwe, na wote pamoja hufungwa na sheria iliyoandikwa, ambayo kila raia ajuaye kusoma aweza kuishika mkononi na kuuliza, "Neno hili limeandikwa wapi?" Lakini Wacherokee waliishika hukumu yao mkononi wakafukuzwa nayo. Kwa hiyo asomaye habari za katiba yoyote asiishie katika maneno yake mazuri. Na aulize pia, siku hukumu ilipomwangukia mkubwa, je, alitii?